Shukuru ni Jina au ni Amri? Uhakiki wa Istilahi ya "Sindano ya Amri" katika Kasoro za Ruta za Nyumbani

Wanaistilahi wa Kiswahili wamezoea kupimwa kwa wingi wa maneno waliyoyaunda. Tangu Baraza la Kiswahili la Tanzania lilipoundwa mwaka 1967, na hasa tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilipotoa Jambo OpenOffice mwishoni mwa mwaka 2004, orodha za maneno ya kompyuta zimerefuka sana. Mjadala nao umeelekea zaidi kwenye sura ya neno: je, iwe kompyuta au tarakilishi, faili au jalada, ruta au kisambazaji? Swali lililo gumu kuliko hayo, yaani kama neno lililoundwa linamwonyesha msikilizaji jambo lenyewe, huulizwa kwa nadra.

Makala haya yanalichukua neno moja tu na kuliuliza swali hilo. Neno lenyewe ni "sindano ya amri", pamoja na nduguye "udungaji wa amri". Hayo ndiyo hupatikana istilahi ya Kiingereza au ya Kifaransa inapofasiriwa neno kwa neno, nayo hutaja kasoro inayomwezesha mtu wa mbali kuitawala ruta iliyo nyumbani mwa mwenziwe. Mahali pa kulipimia ni Manguredjipa, mji wa machimbo ya dhahabu ulio kama kilomita 100 magharibi ya Butembo, katika sekta ya Bapere, teritware ya Lubero, Kivu Kaskazini. Huko Kiswahili husemwa pamoja na Kinande na Kipere, shule hufundisha Kifaransa, na kamati za istilahi za Dar es Salaam na Nairobi ziko mbali kwa kila hali. Istilahi inayoeleweka Manguredjipa haina shaka itaeleweka Morogoro. Kinyume chake hakina uhakika hata kidogo.

Kabla ya kulihukumu neno, hapana budi jambo lenyewe lielezwe, na Kiswahili cha Kongo mashariki kina mfano unaolieleza vizuri kuliko vitabu vingi vya ufundi. Watoto wa huko hupewa majina kama Shukuru, Tumaini, Furaha na Baraka. Hayo mawili ya kwanza yana tabia ya kisarufi inayostahili kutazamwa. Kitenzi cha Kiswahili kwa kawaida hutembea kimevaa kiambishi: anashukuru, ashukuru, kushukuru. Kikivuliwa viambishi vyote kikabaki shina tupu, huwa ni amri kwa mtu mmoja: shukuru. Kwa hiyo mwalimu anayeita majina asubuhi, akimfikia mtoto huyo, hutamka sentensi kamili ya kuamrisha. Hata hivyo hakuna mwanafunzi anayetoa shukrani; mwenye jina hujibu "présent", na mwalimu huendelea. Kinachowaongoza wote si umbo la neno, maana umbo ni lile lile la amri. Kinachowaongoza ni mahali liliposemwa. Liko ndani ya orodha ya majina, na orodha ya majina hutajwa tu, haitiiwi.

Ruta yenye kasoro ni darasa ambalo ujuzi huo haumo. Ruta ni kompyuta ndogo, na nyingi kati ya zile za nyumbani huendeshwa kwa Linux. Mwenye nayo hufungua ukurasa wa mipangilio na kukuta visanduku vya kujazwa: jina la mtandao, neno la siri, anwani. Mara nyingi kuna kisanduku cha kupimia kama mawasiliano yanafika mbali: mtu huandika anwani ya mashine nyingine, na ruta huipigia hodi kwa programu iitwayo ping. Mwandishi wa programu ya ruta, badala ya kuandika njia yake mwenyewe ya kupima, huazima kifaa kilichokwisha kuwamo. Hulichukua neno ping, akaliunganisha na chochote kilichoandikwa kisandukuni, kisha akaukabidhi mstari mzima kwa mkalimani wa amri wa Linux. Mkalimani huyo haoni kisanduku wala orodha. Anaona mstari mmoja wa herufi, na kwake nukta-mkato ni mwisho wa amri moja na mwanzo wa nyingine. Akiletewa anwani, kisha nukta-mkato, kisha amri ya kwenda kuchukua faili katika mashine ya ugenini, atapima mawasiliano kama alivyoagizwa, halafu ataichukua faili. Na kwa kuwa katika ruta nyingi kurasa hizo hufanya kazi kwa mamlaka ya msimamizi mkuu, hakuna amri atakayoikataa. Shukuru ameitwa, na darasa zima limepiga magoti.

Hapa ndipo udhaifu wa "sindano ya amri" unapodhihirika. Sindano ni ncha inayotoboa ngozi iliyofungika na kupeleka ndani kitu kisicho cha mwili ule. Katika kasoro hii hakuna kilichotobolewa. Kisanduku kilikuwa wazi, kimewekwa na mtengenezaji mwenyewe ili kiandikwe, na maneno yaliyotiwa humo ni ya jinsi ile ile kama maneno yaliyotarajiwa: herufi, tarakimu na alama za kuandikia. Taswira ya sindano humfanya msikilizaji atafute tundu ambalo halipo, na kumtafuta mtu mwenye ncha, ilhali aibu iko kwa mkalimani asiyejua kutofautisha na kwa mwandishi wa programu aliyemwachia mkalimani huyo kazi isiyo yake.

Lakini maneno hayafiki Manguredjipa yakiwa matupu. Katika Kiswahili cha Kongo mashariki sindano mara nyingi husikika kama "shindano", na kupigwa shindano ni jambo la hospitali. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Kivu Kaskazini na Ituri zilikumbwa na Ebola iliyowapata watu zaidi ya 3,400 na kuwaua zaidi ya 2,200, na eneo la afya la Manguredjipa lilikuwa miongoni mwa yaliyoguswa. Watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Chanjo iliokoa maisha, lakini ilipokewa katikati ya hofu na shuku kubwa, hata vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vikashambuliwa Februari 2019. Mwaka huo huo shirika la Translators without Borders lilichunguza lugha ya habari za Ebola katika Goma na Beni, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba istilahi za Kifaransa zilizoachwa ndani ya Kiswahili ziliwatatiza wasikilizaji, nao walitaka maelezo kamili kwa lugha wanayoisema wenyewe.

"Amri" nayo ina historia yake hapo. Ni amri kumi zinazosomwa kanisani, na ni amri ya mwenye bunduki. Mwezi Mei 2021 Kivu Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya utawala wa kijeshi, na Juni 2024 vijiji vya upande huo wa Lubero vilishambuliwa na waasi wa ADF, watu wengi wakauawa. Ukizileta pamoja shindano na amri mbele ya msikilizaji wa namna hiyo, kitu cha mwisho atakachokifikiria ni kisanduku cha anwani katika ruta. Atafikiri juu ya chanjo ya lazima, na hatakuwa amekosea lugha. Aliyekosea ni aliyempa neno.

Njia ya Kifaransa haisaidii. "Injection de commandes" ikiingizwa katika mazungumzo ya Butembo hupotea kwa upande wa pili, kwa sababu "komande" mjini humo ni oda ya bidhaa. Wafanyabiashara wa Butembo wanajulikana kwa kuagiza mali kutoka Dubai na Guangzhou, na kwao komande ni shehena inayosubiriwa. Kwa hiyo kinachobaki ni sindano ya hospitali na oda ya dukani. Kwa bahati mbaya wako wanaoona kwamba kulikopa neno la Kifaransa kama lilivyo ni kumtendea haki Mkongo, eti kwa kuwa amesoma kwa Kifaransa. Hoja hiyo inasahau kwamba waliosoma hawahitaji istilahi ya Kiswahili hata kidogo. Istilahi huundwa kwa ajili ya wale wengine.

Kosa la pili la "sindano" ni zito kuliko la kwanza, ijapokuwa halisikiki upesi. Neno hili linaitaja kasoro kwa tendo la mshambuliaji. Mtu akilisikia huamini kwamba bila mshambuliaji hakuna kasoro, kama vile bila mdungaji hakuna sindano. Ukweli ni kwamba kasoro huwamo tangu kiwandani, na yaweza kukaa miaka kadhaa bila mtu kuigusa. Matukio yanayojulikana yanalithibitisha jambo hili.

Mwezi Novemba 2016 ilitangazwa kasoro katika modemu za Zyxel ambazo kampuni ya Eir ilikuwa imewagawia wateja wake nchini Ireland. Palikuwa na mahali pa kuandika jina la seva ya saa, yaani mashine ambayo modemu huiuliza wakati. Aliyeandika hapo amri iliyofungwa kwa alama za mkato wa nyuma aliipata imetekelezwa. Kabla mwezi haujaisha, kundi la mashine zilizotekwa kwa programu ya jamii ya Mirai lilikuwa likiutuma ujumbe wa namna hiyo duniani kote, na wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom nchini Ujerumani wakapoteza huduma. La ajabu ni kwamba ruta za Ujerumani hazikuwa na kasoro ile. Mtafiti Ralf-Philipp Weinmann alionyesha kwamba hazikuendeshwa kwa Linux kabisa. Zilizidiwa na wimbi la ujumbe zikaanguka. Ziliamrishwa kwa lugha zisizoijua, na hata hivyo ziliumia. Istilahi ya sindano haina nafasi ya kusimulia habari hii, kwa sababu hapa sindano ilivunjika nje ya ngozi na mgonjwa akaanguka vile vile.

Afrika haikuwa mbali na kisa hicho. Mwingereza Daniel Kaye, aliyekiri kuhusika na tukio la Ujerumani, ndiye aliyekuwa amelipwa na afisa wa kampuni moja ya simu ya Liberia ili auangushe mtandao wa kampuni shindani, Lonestar. Mwaka 2016 aliufurikisha mtandao huo kwa vifaa vya nyumbani alivyoviteka katika nchi za watu. Mahakama ya Uingereza ilimfunga miezi 32 mwezi Januari 2019. Wenye vifaa vile hawakujua lolote, na Liberia nzima ilitegemea njia chache tu za mawasiliano. Bapere nayo inategemea njia chache zaidi. Huko wengi huufikia mtandao kwa simu ya mkononi, na mwaka 2025 mamlaka ya mawasiliano ya Kongo iliipa kibali Starlink baada ya kuipiga marufuku mwaka 2024; dishi moja likiwekwa dukani, ruta yake huwa ni mlango wa watu wengi. Mlango huo ukitekwa, kifurushi kilicholipiwa kwa fedha za dhahabu kitaliwa na vita vya watu wasiojulikana, na siku ya hatari, wakati familia zinaulizana nani amefika salama, mtandao utakuwa mzito bila mtu kujua sababu.

Mwishoni mwa mwaka 2017 ilikuwa zamu ya Huawei HG532. Humo kisanduku kilichotii kilikuwa katika huduma ya kuisasisha ruta yenyewe, mahali pa kuandika dawa ipakuliwe kutoka wapi. Mwaka 2023 ikawa TP-Link Archer AX21, ambayo kasoro yake ilikuwa imeonyeshwa katika mashindano ya Pwn2Own ya Toronto mwezi Desemba 2022. Mtengenezaji alitoa marekebisho Machi 2023, na kufikia Aprili tayari ruta ambazo hazijarekebishwa zilikuwa zinatekwa. Humo kisanduku kilikuwa cha nchi, katika sehemu inayohusu lugha na mahali alipo mtumiaji. Ujumbe wa kwanza uliandika amri palipopaswa kuandikwa nchi. Ujumbe wa pili uliisababisha itekelezwe, bila hata kuulizwa neno la siri.

Jina la seva ya saa, anwani ya dawa, jina la nchi. Katika kila kisa kilichotarajiwa ni jina, na kilichotendeka ni kutii. Kwa msingi huo yafaa kasoro iitwe "mkanganyo wa jina na amri", na tendo la mshambuliaji, pale linapohitaji kutajwa, liitwe "kupenyeza amri". Kitenzi penyeza kina faida kwamba hakidai tundu jipya. Kinachopenyezwa hupita katika nafasi iliyokwisha kuwapo, na methali ya penye udhia penyeza rupia imekwisha kukizoesha hila. Kuna atakayepinga kwamba "mkanganyo wa jina na amri" ni refu, na kwamba istilahi njema ni neno moja. Pingamizi hilo lina nguvu katika kamusi, ambako nafasi ni finyu. Katika duka la Butembo, ambako fundi anamweleza mteja kwa nini ruta yake ya zamani haifai kununuliwa tena, halina nguvu. Wanaistilahi wamependa mno nomino; Kiswahili mara nyingi hufikiri kwa kitenzi, na fundi atakayesema "ruta hii inatii majina" ameeleza zaidi ya orodha nzima.

Maneno mawili yanayoandamana na kasoro hii nayo hayakosi walakini. "Ganda", tafsiri ya moja kwa moja ya jina la Kiingereza la mkalimani wa amri, halisemi chochote kwa mtu asiyelijua lile la Kiingereza. Mkalimani ni bora kwa mbali, na katika nchi ambayo mahubiri hufasiriwa papo hapo kutoka Kifaransa, kazi yake inafahamika: mhubiri akisimulia kwamba mgonjwa aliamriwa asimame, waumini hawasimami, kwa kuwa mkalimani wao anajua kulinukuu neno. "Programu dhibiti", ambayo ni programu itokayo kiwandani ikiwa ndani ya kifaa, ina dosari ya kuahidi udhibiti. Sifa yake kubwa ni kwamba hukaa mle mle, na mtengenezaji akiacha kuihudumia aina ile ya ruta, kasoro hubaki humo hadi kifaa kife. Programu ya chomboni ingekuwa kweli zaidi.

Jambo la tiba ndilo linaloonyesha kwamba suala hili ni la wanaisimu kama lilivyo la mafundi. Mwandishi wa programu mwenye haraka huondoa nukta-mkato katika maneno yaliyoandikwa, akadhani amemaliza; anasahau kistari wima, alama ya "na", mkato wa nyuma na mwanzo wa mstari mpya, ambazo zote mkalimani huzitambua kama mipaka ya amri. Mwingine huyafunga maneno kwa alama za kunukuu. Afungaye kwa alama pacha hajafunga, maana ndani yake mkalimani bado hutekeleza kilicho katika mkato wa nyuma au kilichotanguliwa na alama ya dola na mabano. Afungaye kwa alama moja moja amefunga vizuri zaidi, mpaka atokee mtu wa kuandika alama hiyo hiyo ndani ya jina na kuufunga mnukuo kabla ya wakati wake. Ni tatizo lile lile la mhariri wa magazeti anayenukuu maneno ya mtu ambaye naye ananukuu, ila mhariri huokolewa na msomaji mwenye akili. Tiba ya kweli ni kutompitia mkalimani kabisa: programu iitwe moja kwa moja, na jina likabidhiwe likiwa kitu cha pekee, nje ya sentensi. Zaidi ya hapo, kisanduku kikubali tu kile kinachostahili kuwamo. Cha anwani kipokee anwani, na cha nchi kipokee nchi iliyomo katika orodha.

Katika orodha ya kimataifa kila nchi ina herufi mbili. Tanzania ni TZ, Kenya ni KE. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ni CD. Na herufi hizo hizo zikiandikwa ndogo ni amri ya Linux ya kuhamia folda nyingine, ambayo ndiyo hutangulia katika mistari mingi ya kuziteka ruta.